Mbegu za Tomoko

Harufu ya tomoko lililoiva kupita kiasi ni ya maziwa ya moto yenye sukari, na nyuma yake kuna uchachu kidogo, kama wa uji uliolala. Juzi ilinipata sokoni Muthurwa nikiwa nanunua mboga. Kijana mmoja alikuwa amelipasua tunda kwa vidole ili wateja waone weupe wa ndani na zile mbegu nyeusi zinazong'aa. Macho yangu yakaanza kutoka machozi kabla sijajua kwa nini.

"Mathe, ni njaa ama ni mapenzi?" akaniuliza.

Nikacheka, nikaenda zangu bila kununua. Yeye sikumwambia. Nyinyi nitawaambia.

Tulikaa katika nyumba za kanjo, za baraza la jiji, huku Eastlands, mistari ya vyumba vya mawe vilivyoezekwa mabati, na mfereji mmoja wa maji kwa mstari mzima. Nyuma ya chumba chetu kulikuwa na mtomoko. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeuotesha ndani ya kopo la samli, kwa mbegu alizokuja nazo kutoka Malindi. Haukuwa mti wa kujivunia. Ulikuwa kichaka kilichojitahidi kuwa mti, chenye matawi yaliyokwenda kila upande na kushika nguo za watu kwenye kamba. Lakini ulizaa. Bibi aliuita mtopetope, kama kwao, na alisema huo na mstafeli ni ndugu wa tumbo moja, ila mstafeli ndiye mwenye maringo.

Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, chawa waliingia darasani kwetu. Mwalimu alitukagua vichwa kwa ncha ya penseli, na wenye chawa tukaambiwa turudi shule tukiwa tumenyolewa. Nywele zangu zilikuwa ndefu, na Bibi ndiye aliyezisuka kila wiki tangu nilipokuwa mdogo. Aliposikia habari hiyo alisimama kama mtu aliyetukanwa.

"Zuhura anyolewe kwa sababu ya vidudu? Kwetu tuna dawa."

Mama alikuwa barazani akikaanga viazi karai vya kuuza. Bibi alianika mbegu za tomoko juani, akazitwanga kwenye kinu kidogo cha kitunguu thomu, akachanganya ule unga na mafuta ya nazi. Akaniketisha kwenye kigoda, akanipaka kichwa chote, akakifunga kwa leso kuukuu.

"Usijiguse machoni," akaniambia.

Sikujigusa. Lakini jua lilikuwa kali na mafuta yakayeyuka. Nilihisi kitu kikishuka kwenye paji la uso, polepole, kama siafu anayetafuta njia. Nikamwambia, "Bibi, inashuka." Akanipangusa kwa kiganja, na kiganja chenyewe kilikuwa kimejaa dawa.

Maumivu yale sijayapata tena, hata nilipojifungua. Ilikuwa kana kwamba mtu amenichomeka kaa la moto chini ya kila kope. Nilipiga ukelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Nikasikia sufuria ikianguka na mama akikimbia, akiita jina langu. Bibi alikuwa akisema, "Nini? Nini kimeingia?" huku mikono yake ikinitafuta usoni.

Aliyejua la kufanya alikuwa Mama Achieng, jirani yetu kutoka Kisumu, mama wa kanisa, mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Siku hizo alikuwa haongei na Bibi kwa sababu mtomoko ulikuwa umepasua shuka lake.

"Mlete kwa mfereji! Haraka! Hiyo kitu si ya kuingia macho!"

Walinilaza chini ya maji, mmoja ameshika kichwa, mwingine anafungua kope kwa nguvu huku nikirusha mateke. Maji yalinijaa puani na masikioni. Nilipojaribu kufungua macho mwenyewe, niliona mwanga mweupe tu, kama ukungu wa asubuhi, na ndani yake hakukuwa na mtu. Nikapiga kelele kwamba nimekuwa kipofu.

Mama Achieng alinibeba mgongoni mpaka zahanati, mama akikimbia nyuma yetu, na Bibi akabaki. Daktari, mwanamke mwenye mikono baridi, aliniosha tena macho kwa muda mrefu.

"Mmemwekea nini huyu mtoto?"

"Mbegu za tomoko," mama akasema. "Za kuua chawa."

"Mnajua mbegu hizi zinaweza kuchubua jicho? Nani alimpaka?"

Mama akanishika bega, akajibu:

"Ni mimi."

Mama Achieng akakohoa. Daktari alinitia dawa, akanifunga pamba na bandeji macho yote mawili, akasema hawezi kuahidi chochote mpaka siku ya kufungua. Tukiwa njiani kurudi, juu ya mgongo wa Mama Achieng, nilimsikia akimuuliza mama chinichini, "Kwa nini umesema ni wewe?"

"Mama Achieng, tafadhali. Iache hivyo hivyo."

Jioni baba alirudi kutoka dukani kwake. Sikumwona uso, lakini niliijua hasira yake kwa jinsi alivyovua viatu, kimoja, halafu kimya kirefu, halafu cha pili.

"Umempaka mtoto wangu sumu kichwani?"

"Nilidhani itamsaidia," mama akajibu.

"Ulidhani! Asipoona huyu, utamwambia nini? Ulidhani?"

Nilingoja Bibi aseme. Alikuwepo, kwa sababu nilikuwa nikisikia tasbihi yake ikigonga, punje kwa punje, kisha ikanyamaza. Nikafungua mdomo niseme mimi, na mkono wa mama ukanibana goti. Nikanyamaza, nikamchukia mama kidogo kwa kuwa mwoga namna ile.

Siku zilizofuata baba hakuzungumza na mama ila kwa jambo la lazima. Mama alirudi kwenye karai lake, na aliyekaa nami ni Bibi. Na katika lile giza alinifundisha mambo ya ajabu. Ukimimina chai, tia ncha ya kidole ukingoni mwa kikombe na usikilize sauti inavyopanda. Ukitembea chumbani, mgongo wa mkono uguse ukuta, usitangulize vidole. Mtu akiingia, usiulize ni nani, msalimie tu, atajitaja kwa sauti yake. Nilijifunza haraka. Kuna wakati nilisahau hata kuogopa, nikamimina chai bila kumwaga tone, na Bibi akapiga makofi.

Siku ya kufungua bandeji tulikwenda sote. Pamba ilipotolewa mwanga ulinichoma, nikafumba. Daktari akaniambia nijaribu tena taratibu. Kwanza nikaona rangi ya kijani, ikawa pazia. Kisha nikaona uso wa mama, umekonda, midomo imekauka. Nikasema, "Mama, umevaa leso ya Bibi." Akakaa chini sakafuni, pale pale, akalia kwa sauti.

Baba alikuwa bado anamshukuru Mungu, Bibi aliposimama.

"Daktari, na mimi niangalie. Mimi ndiye niliyempaka mtoto. Huyu mkwe wangu hakugusa kitu. Mafuta yalipomshuka usoni sikuyaona. Siku nyingi sioni."

Baba alimtazama mama yake, halafu akamtazama mama. Akainama, akamshika mama mkono, akamwinua kutoka sakafuni, na hakumwachilia mpaka tulipofika nyumbani.

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alipasuliwa, jicho moja likarudi vizuri, la pili halikurudi. Mwalimu naye alishinda, maana nilinyolewa upara.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mama kwa nini alijitwika lile jambo. Alisema baba alikuwa tayari ameanza kuzungumzia kumrudisha Bibi Malindi, tangu siku Bibi alipoacha jiko likiwaka, baba akidhani ni uzembe wa uzee. Mama peke yake ndiye aliyekuwa amegundua ni macho. "Hapa alijua kila kona kwa mkono," aliniambia. "Huko angeanza upya gizani. Na jambo lenyewe la macho nilitaka aliseme yeye, si mimi."

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwasimulia watu kwamba Bibi alinitungia mchezo ili nisiogope. Hakutunga chochote. Kile kidole ukingoni mwa kikombe, ule mgongo wa mkono ukutani, ndivyo alivyokuwa akiishi kati yetu kila siku, sisi wenye macho tukimpita.