Siku Caroline Alipofunga Mlango wa Msiba

Mwaka jana, siku ya nne ya msiba wa mume wangu, mzungu aliwatoa watu wote nyumbani kwangu akafunga mlango.

Ndiyo, msibani. Kariakoo, saa nane mchana, watu wamejaa.

Video wengine mliiona, ilizunguka kwenye magrupu mpaka Moshi. Mimi ndiye mfiwa mwenyewe, Mama Godbless, muuza vitenge. Nawaeleza leo kwa sababu nimechoka kuibeba hii habari.

Mzungu anaitwa Caroline, mtoto wa Denmark. Alikuja kusoma chuo hapa Bongo kwa muhula mmoja, akapangiwa kukaa kwetu, ghorofa ya tatu, na mimi na mume wangu Elimringi. Mwanangu Godbless yuko Moshi, kwa hiyo chumba chake kilikuwa wazi.

Binti mzuri, ila vituko tele.

Anaomba ruhusa kufungua friji. Kila siku! Mgeni akija bila kupiga simu, yeye anashtuka. Akirudi chuo anajifungia chumbani kwa saa mbili nzima. Mara ya kwanza nilijua anaumwa, nikampelekea uji. Mara ya pili nikajua kagombana na mtu, nikamtuma Elimringi akamsemeshe.

"Mama, siumwi," akaniambia. "Nahitaji tu kuwa peke yangu. Wewe hujawahi kuhitaji?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwetu anayejitenga ana jambo.

Na yeye alitushangaa. Kwa nini mnamsindikiza mgeni mpaka barabarani, halafu mnasimama nusu saa nyingine mnaongea? Elimringi aliyapenda maswali yake. Alikuwa anamwita "binti yangu".

Basi, Jumamosi moja Elimringi akafa. Presha. Alikuwa dukani, amekaa, anakunja kitenge.

Msiba mnaujua. Turubai chini, magodoro sebuleni, mfiwa katikati, watu wanaingia. Hakuna anayealikwa na hakuna anayefukuzwa. Ni upendo, sikatai.

Lakini kila anayeingia analia upya, na mimi naanza upya naye. Kila mmoja ananishika mkono: "Pole jamani. Ilikuwaje?"

Naeleza ilikuwaje. Anaingia mwingine, naeleza tena. Siku tatu sikupata usingizi hata wa dakika kumi. Ilifika mahali nasema mume wangu amekufa kama ninayetaja bei ya doti ya kitenge, na hilo liliniogopesha kuliko kifo chenyewe.

Jumanne mchana niliingia chumbani kubadili nguo. Caroline akanifuata na kikombe cha maji. Nikajilaza, nikapitiwa na usingizi hapo hapo.

Nilizinduliwa na kelele za ngazini.

Sebuleni hakuna mtu. Magodoro matupu. Caroline kasimama nyuma ya mlango wa chuma, ufunguo mkononi. Nje yuko wifi yangu Theopista na akina mama wa kanisani, wamebeba sufuria za chakula. Mmoja anarekodi.

"We mtoto, unatufukuza msibani kwa kaka yangu?"

"Shikamoo, shangazi. Mama amelala. Naomba mrudi baadaye."

"Amelala! Kwani msiba huu wako?"

Bi Badria wa ghorofa ya pili, aliyekuwa wa kwanza kutolewa, alikuwa anatikisa kichwa tu. "Mie nimezaliwa mtaa wa Gerezani hapo. Sijapata kuona mtu anatolewa matangani."

Nikachukua ufunguo, nikafungua. Watu wakaingia na kikao kikaanza hapo hapo.

"Nani alikutuma?" Theopista akamuuliza.

Caroline akanitazama. Watu wote nao wakanitazama.

Nikasema, "Msameheni. Ni mgeni, hajui mila zetu."

Nyumba nzima ikapumua. Ikaeleweka. Wazungu ndivyo walivyo, hawana utu. Caroline akapita kwa mama mmoja mmoja, anashika mkono, anasema samahani.

Alhamisi tukasafirisha mwili kwenda Moshi. Theopista akasema kwenye gari lile hapandi mzungu. Sikumbishia. Kwa hiyo Caroline hakumzika baba aliyemwita binti yake.

Alinibebea begi mpaka garini, akaniuliza kitu kimoja.

"Mama, ulilala?"

"Nililala."

"Vizuri," akasema, akarudi juu.

Niliporudi kutoka Moshi, alikuwa ameshahamia kwa familia nyingine.

Jumapili iliyopita ilikuwa ibada ya kumbukumbu, mwaka mmoja. Baada ya chakula Theopista akahadithia tena kisa cha mzungu, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikacheka nao. Nilirudi nyumbani najichukia.

Sasa sikilizeni kile nilichokiruka.

Ile Jumanne Caroline aliweka kikombe cha maji, akageuka kutoka. Mimi ndiye niliyemshika mkono.

"Nahitaji kuwa peke yangu," nilimwambia. "Watoe wote. Funga mlango, asiingie mtu, hata wifi."

Akasita. "Una uhakika, mama? Hapa kwenu hamfanyi hivyo. Watakasirika."

Mmesikia? Mila zetu alizijua. Alizijua vizuri kabisa.

Nikamjibu, "Fanya tu. Wewe mgeni, watakusamehe."

Hamkumsamehe. Na mimi nilikaa pale, mtu mzima na akili zangu, nikawaacha mumseme, kwa sababu niliona aibu mngesema simlilii mume wangu.

Wifi Theopista, najua unasoma. Aliyekufungia mlango ni mimi. Nilimpenda kaka yako, na nilikuwa nimechoka. Vyote viwili ni kweli.

Na wengine, siku mkisikia mgeni kavunja mila ya watu, kabla hamjarusha video ulizeni mwenyeji alikuwa wapi na alisema nini.

Jana nilimwandikia Caroline kwamba nitaueleza ukweli mbele ya watu. Nilitegemea ataniuliza kwa nini nimechelewa mwaka mzima.

Akajibu, "Mama, siku hizi unalala?"