Doa Lililokutwa Pafuni Mwangu

Bado naikumbuka, mwanangu, siku niliyoanguka na baiskeli nikitoka Ihumwa kununua pumba za kuku. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara, mshahara wa karani kama mimi haukufika katikati ya mwezi, kwa hiyo nusu ya ofisi yetu ilifuga kuku.

Hospitali wakanipiga eksirei kutazama mbavu. Mbavu zilikuwa nzima, ila kwenye pafu la kulia palionekana doa, dogo kama karanga. Makohozi yakapimwa, kifua kikuu hakikuonekana. Daktari, mama mmoja wa Kigogo mwenye sauti ya chini, akanieleza kwamba vumbi la kinyesi cha kuku na popo hubeba kuvu, na kuvu wakiingia kifuani huweza kuacha kovu kama lile. Lakini hakuapa. Akaniagiza nirudi baada ya miezi mitatu tupige picha nyingine.

Sikurudi. Jirani alishanong'ona saratani, nami nikaona daktari anayesubiri hajui kazi. Maduka ya dawa yalikuwa yanafunguliwa kila kona. Nikanunua vidonge vya kila jina, nikameza mpaka macho yakawa ya njano. Mume wangu akanirudisha kwa daktari yule akiwa amenishika mkono.

Nikamwamkia kwa aibu. Akaitikia, akanitazama macho, akasema, "Binti, mimi sijui hilo doa ni nini. Wewe pia hujui. Ila mimi nakubali kulichunga, wewe unalikimbia."

Nikaacha vidonge. Nikahudhuria miaka miwili, bahasha ya picha kwapani, sikukosa hata mara moja. Siku ya mwisho akazipanga picha zote kwenye taa, akawaita wanafunzi wake. Doa halikuwa limekua hata kidogo, dalili kwamba ni kovu tu, si saratani. Akawaambia, "Kazi hii ya kulichunga kaifanya huyu." Nilitoka pale kama niliyevishwa nishani, na sioni haya kukwambia kwamba mpaka leo najivuna.

Basi, mwanangu, wakikuta kifuani mwako jambo ambalo hukulitafuta, usilipe jina kabla ya vipimo, wala usilimezee dawa za kubahatisha. Tunza picha zako. Rudi siku uliyopangiwa hata kama huumwi popote, kwani picha ya jana na ya leo zikikaa pamoja ndipo daktari huona. Na ukifagia banda, mwagia maji kwanza, ufunge kitambaa puani.

Mungu akupe pumzi ndefu, na moyo wa kungoja bila kuzembea.