Nani Atamwaga Maji

Niliipigia redio simu saa mbili asubuhi, nikiwa barazani kwetu mtaa wa Walukuba na mswaki mkononi. Kipindi kilikuwa cha Kiswahili, cha madereva na wachuuzi wa njia kuu, na mada ilikuwa ile ile ya kila siku mwaka ule: kuchanjwa au kutochanjwa. Jirani yangu Mkenya, mkaanga chapati, alikuwa ameifungulia redio yake sauti mpaka mwisho. Yeye ni mlokole, na kwake sindano ya corona ilikuwa alama ya mnyama. Mimi ni Mnubi, Mwislamu, habari za mnyama hazinihusu, lakini asubuhi ile tulikuwa upande mmoja. Ugonjwa ule uligombanisha ndugu wa tumbo moja na kupatanisha watu ambao jana yake hawakuazimana hata chumvi.

Sababu yangu ilikuwa nyingine, na mpaka leo siionei haya. Babu zetu waliletwa nchi hii wakiwa wamebeba bunduki za watu wengine. Nyumbani kwetu Kiswahili ni lugha ya kuitana chakulani, lakini kwa majirani zetu wengi ni lugha ya askari, ya kuambiwa lala chini. Mwaka wa kwanza wa corona, wenye magwanda walitufukuza sokoni kwa fimbo, na fimbo zile zilisema Kiswahili. Mwaka wa pili likaja gari la kipaza sauti, Kiswahili kile kile, eti tujitokeze tukapate dawa ya kutuokoa. Ala! Jana fimbo, leo dawa? Nikasema hapana. Tena sikusema kimoyomoyo.

"Karibu dada wa Walukuba," mtangazaji akaniambia. "Wewe unasemaje?"

Nilisema, Mungu anisamehe. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata gegedu. Nilisema mama yangu yuko Mbale, ni mwosha maiti. Nilisema ameosha wanawake waliokufa kwa kipindupindu, kwa ukimwi, kwa homa ambazo hata madaktari hawakuzipa jina. "Hajachanjwa wala hachanjwi," nikasema, "na anapanda kilima cha msikitini bila fimbo. Nyinyi mnaotutisha, mna nini cha kumwambia mama yangu?" Mtangazaji akacheka. Jirani yangu akapiga makofi na mikono yake ya unga. Waliopiga simu baada yangu karibu wote walianza kwa kusema, "Kama alivyosema yule dada." Siku nzima nilitembea kifua mbele, na chapati mbili za bure nilikula.

Redio ile inasikika mpaka Mbale. Hilo nililijua, na kwa kweli lilinifurahisha.

Jioni mama alinipigia. Aliniuliza habari za watoto, habari za mvua, kama mguu wangu bado unavimba. Kuhusu redio hakusema neno. Mimi nikajiambia kanyamaza kwa sababu amekubali. Mtu mzima kama mimi, niliyelelewa na mwosha maiti, nilipaswa kujua zaidi. Kwa kazi yao, wanawake wale hufundishwa kufunga mdomo kabla ya kufundishwa kukunja sanda. Ukiona kovu, hukuliona. Ukiona aibu ya mtu, inazikwa naye. Mama alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, na sijawahi kumsikia akieleza alichokiona nyuma ya shuka, isipokuwa jema.

Hakuwa akifanya kazi ile peke yake. Alikuwa na mwenzake, mjane aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwake, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Mimi nilimwita Mama Mdogo. Mmoja alimwaga maji, mmoja aliosha. Kesho yake walibadilishana. Walianza pamoja wakiwa wasichana walioolewa juzi, na kwa kuwaangalia tu ungejua nani atasema nini kabla hajasema. Mikono ya mama ikifika begani, kopo la Mama Mdogo tayari liko hapo. Hawakuhitaji kuambiana.

Corona ilipokuja, kitu kilichowatia hofu wanawake wa Kiislamu mjini kwetu hakikuwa kufa. Kufa tunakujua. Waliogopa mfuko. Aliyekufa kwa corona alichukuliwa na watu waliovaa meupe mpaka machoni, akatiwa kwenye mfuko wa plastiki, akashushwa kaburini bila tone la maji. Mashehe walitueleza kwamba dharura ina hukumu yake, kwamba Mungu anajua. Walisema kweli. Lakini jaribu kumwambia hivyo mwanamke ambaye maisha yake yote amewatengeneza wenzake kwa safari ile, kwa majani ya mkunazi na kafuri, upande wa kulia kwanza.

Wimbi la pili likaja, barabara zikafungwa, kisha zikafunguliwa. Siku chache baada ya kufunguliwa, mama alinipigia alfajiri. "Mama Mdogo ametutoka," akasema. "Walimpima juzi. Ni ugonjwa huo. Njoo." Sauti yake ilikuwa kavu. Nilishika barabara ya Tirinyi na kanga begani, na adhuhuri nilikuwa Mbale.

Nilikuta ua umejaa wanawake, wote wamejiziba midomo kwa mitandio. Mlangoni palikuwa pamefungwa utepe, na mbele ya utepe walisimama wanaume wanne wa afya waliovaa meupe, na mfuko ukiwa umekunjwa miguuni mwao. Mkubwa wao alikuwa kijana Mumasaba, kabila la wenyeji wa Mbale, mwenye adabu, aliyekuwa akitokwa na jasho ndani ya plastiki yake. Mama alikuwa amesimama karibu naye kabisa, mdogo, amenyooka.

"Mama, hii maiti hapana guswa," kijana akasema. "Ni amri."

"Amri nimesikia," mama akasema. "Huyu ni mwanamke. Nyinyi ni wanaume. Hamwezi kumwosha, na mimi siwezi kumwacha. Nieleze nifanye nini nipite hapo."

"Mama, wewe ni mzee. Hii ugonjwa nakula wazee."

"Nieleze nifanye nini."

Kijana alisogea pembeni na simu yake. Alizungumza muda mrefu, akatikisa kichwa, akazungumza tena. Aliporudi alisema mkubwa wake ametoa ruhusa kwa shida sana. Wanawake wawili tu. Wavae nguo za watu wa afya, glavu zao, mabuti yao. Na wote wawili wawe wamechanjwa, sindano mbili, na kadi aione kwa macho yake.

Nilitaka kucheka kwa hasira. Nikajua basi, yamekwisha, hapo hakuna mwenye kadi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie kijana yule maneno yake.

Mama akaingiza mkono kifuani mwa gauni. Akatoa kijifuko cha nailoni kilichofungwa kwa kifundo, akakifungua taratibu, na ndani mlikuwa na kadi. Mihuri miwili.

"Loo!" mwanamke mmoja akasema nyuma yangu. Halafu ua mzima ukageuka. Hawakumtazama mama. Walinitazama mimi, yule dada wa Walukuba.

Mama hakunitazama. Aligeukia wanawake wale, ambao wengi wao alikuwa amewaoshea mama zao na bibi zao. "Nahitaji mmoja," akasema. "Wa kumwaga maji. Nani ana kadi?"

Aliuliza mara ya pili, akawatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliinamisha kichwa. Mwishowe mke wa muuza nyama akasema kwa sauti ndogo, "Hatukuchanjwa, mama. Tulisikia redioni kwamba wewe hukuchanjwa. Tukasema kama mwosha maiti hachanjwi, sisi tuna haraka gani?"

"Mama," nikasema, "mimi nitaingia. Nivalishwe hizo nguo, niingie."

"Kadi?" kijana akauliza.

"Kadi ya nini! Ni mama yangu huyu, na yule ndani ni—"

"Nyamaza," mama akaniambia.

Nimegombezwa na mama mara nyingi sana maishani, na nimejibu mara nyingi zaidi. Siku ile nilinyamaza. Neno moja, mbele ya watu, na lilinitosha.

Kijana alimvalisha. Lile vazi jeupe lilikuwa la mtu mrefu. Ilibidi wakunje miguu na mikono mara tatu na kuifunga kwa plasta. Wakamvalisha miwani ya plastiki. Mama ana pumu, na niliona pumzi yake ikiijaza ukungu ile miwani hata kabla hajavuka utepe. Akabeba mwenyewe ndoo ya kwanza. Wanaume wakamwekea nyingine mlangoni, kisha wakarudi nyuma wakageuza migongo. Nyuma ya nyumba palikuwa na sehemu iliyozungushiwa mashuka, na kitanda cha kuoshea, na Mama Mdogo juu yake, alipolazwa na wale wanaume.

Tulibaki uani tukisikiliza. Hatukuwa na kazi nyingine.

Wakiwa wawili, maji husikika yakitiririka bila kukatika. Sasa tulisikia maji kidogo, kisha kopo likiwekwa chini kwenye saruji, kisha kimya cha mkono unaosugua, kisha kopo likiinuliwa tena. Maji, kopo, kimya. Maji, kopo, kimya. Kila kopo lilipogonga saruji mimi nilishtuka. Mlima Wanale ulikuwa mbele yetu mchana kweupe, na katika ua wenye wanawake zaidi ya arobaini hakukuwa na aliyekohoa.

Halafu ikafika saa ya kumgeuza. Nimeshasema Mama Mdogo alikuwa mnene. Wanawake wawili wenye nguvu wangetoka jasho. Tukasikia mama akivuta pumzi, ile filimbi ya pumu ndani yake, mara moja, mara mbili, na kitanda kikilia. Kijana wa afya aliuma midomo. Alipiga hatua moja kuelekea kwenye mashuka, akakumbuka kwamba yeye ni mwanamume, akasimama.

Ndipo tukasikia mama akizungumza. Hakuzungumza nasi. Alisema polepole, kama mtu anayemwamsha mwenzake usingizini, "Geuka kidogo, mwenzangu. Nisaidie. Niko peke yangu leo."

Kitanda kikalia mara moja tu.

"Ahsante," mama akasema.

Wallahi mwili ulinisisimka tangu unyayo mpaka utosi. Sijui aligeuzwaje. Nimewauliza watu wanaojua mambo ya miili, wakaniambia kuna namna ya kutumia shuka, kuna namna ya kukaza goti. Huenda. Mimi nilikuwa pale, na ninachojua ni kwamba bibi wa miaka sabini na kitu, mwenye pumu, ndani ya plastiki inayotokota, alimgeuza mwanamke wa kilo zake mara mbili, upande wa kulia na upande wa kushoto, mara tatu, na hakumwangusha, wala hakuharakisha, wala hakuruka hata kiungo kimoja. Wanawake walilia bila sauti. Wale wanaume wanne walikuwa Wakristo, na wote wanne walikuwa wameinamisha vichwa. Nilimwogopa mama yangu siku ile, ile hofu ya mtu aliye mbele ya jambo kubwa kuliko yeye. Nilijiona nilivyokuwa: mtu wa kelele.

Alimkausha, akamsuka nywele mikia mitatu, akamtia kafuri, akamvika vipande vyote vitano vya sanda. Tulisikia harufu ikivuka mashuka. Kisha akawaita wanaume, nao wakaleta mfuko wao, ukafungwa juu ya sanda. Mama hakubishana nao juu ya mfuko. Mama Mdogo alikuwa ameshaoshwa.

Waliporudi kutoka makaburini, watu walitawanyika bila kusemezana. Mwosha maiti hana budi kuoga akimaliza, ndiyo desturi. Nilimkuta mama kwenye bafu la uani, ameketi kwenye kigoda, ameshavuliwa plastiki na kujifunga kanga, ngozi ya mikono yake imekunjamana kwa maji na jasho. Alikuwa akipumua kwa shida. Nilimpa dawa yake ya kuvuta, akavuta, nikangoja.

"Mama," nikasema, "redioni nilisema hukuchanjwa."

"Nilisikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza?"

Sikumwuliza. Nilikuwa na simu mkononi asubuhi ile, na badala ya kumpigia yeye niliipigia redio.

"Nakuuliza sasa," nikasema. "Ulichanjwa lini?"

Nilidhani hatajibu, maana ni kazi yake kutojibu. Halafu akasema, "Siku ile ile ya redio. Tulikuwa tumepatana, mimi na yeye, twende pamoja, ili atakayetangulia aoshwe na mwenzake bila hofu ya ugonjwa, asiende na mfuko tu. Nilimpitia kwake asubuhi. Nikamkuta ameshavaa, ameshika mkoba, anasikiliza redio. Akasema, mtoto wako ana akili, ngoja kwanza nifikirie." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nikaenda peke yangu."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kuishika. Nilisimama mlangoni mwa bafu na ulimi wangu wote ule.

"Nimechoka," mama akasema. "Mkono hauinuki. Nimwagie."

Nikavua viatu, nikaingia, nikachota maji.