Nyumba ya Mama Ndani ya Gari la Baba

Nilisikia kwanza. Nilikuwa Riyadh kwa harusi ya binti wa shangazi, nimesimama na kikombe cha kahawa, mara ukapita mngurumo mzito wa chini, ule unaosikika mbavuni kabla ya masikioni. Nikaweka kikombe na kukimbilia nje kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nilijua kabla sijaliona: gari la Kimarekani la zamani, silinda nane, boneti refu, milango miwili. Lilikuwa jeupe, la watu wengine. Kijana aliyeshika usukani alinitajia bei aliyolinunulia bila kuulizwa, kama mtu anavyomsifu mchumba wake. Nilicheka, kisha nikashindwa kutulia. Nilirudi kwenye makofi na vigelegele, lakini roho yangu ilikwisha kushuka Jeddah.

Letu lilikuwa na rangi ya komamanga lililopasuka. Lilikaa nje ya mlango wetu, mtaa wa Hindawiyah, Jeddah, likiziba nusu ya uchochoro, na sisi tuliliita Mmarekani, kama vile ni mpangaji. Baba alikuwa dereva wa kafili wake, tajiri aliyemdhamini kukaa nchini, huko Riyadh tangu neema ya kwanza ya mafuta, enzi ambazo matajiri walibadilisha magari kama kanzu. Kafili alipolichoka alimrushia baba ufunguo, halas, basi, lako, akamwandikishia kwa jina lake kabisa. Baba alipohamishiwa Jeddah alikuja nalo. Nilipozaliwa lilikuwa zee tayari, na lilikuwa zuri kuliko kitu chochote tulichokuwa nacho.

Ijumaa asubuhi lilioga kabla yetu. Povu lilitiririka uchochoroni, na harufu ya ful, maharage ya asubuhi, na mkate wa moto kutoka kwa mwokaji ikachanganyika na petroli. Kila Idi tulipanda nalo milima ya Taif kwenda Riyadh kwa shangazi. Mama alikaanga sambusa na visheti tangu usiku, akajaza chupa za chai ya maziwa. Kiyoyozi kilikufa zamani, basi tulifungua vioo na jangwa likaingia ndani na kukaa nasi. Mimi sikuweza kutulia. Nilihama kioo hiki kwenda kile, hadi bibi akanishika gauni kwa mkono wenye tasbihi. Kila tuliposimama kujaza mafuta alisema, "Gari hili lina njaa ya mfalme na shukrani ya paka."

Kisha ikaja neema ya pili, ile niliyoiona mwenyewe. Winchi zilisimama kila upande wa mji, na vijana wa Riyadh wakaanza kuyatafuta magari yale yale ambayo baba zao waliyatupa. Walipita mitaa yetu polepole, wakichungulia chini ya maturubai. Jirani yetu mwenye duka, Mhadhrami aliyejifunza Kiswahili kwa kutuuzia mchele, alimletea mama bei mpya karibu kila wiki. "Mumeo ana kasri nje," alimwambia, "na amekulaza kibandani."

Bei ilipopanda, mama aliongeza chumba katika nyumba ambayo haijajengwa. Ilikuwa Unguja, nyumba hiyo, kwenye kiwanja cha urithi wake. Kwanza vyumba viwili, kisha ukumbi, kisha jiko lenye dirisha la upande wa upepo. Alituchorea kwa kidole juu ya unga wa chapati. Kwa nini alihangaika hivyo, mtoto kama mimi sikuelewa, leo naelewa. Ikama, kibali cha kuishi kule, hudumu kadiri nguvu zinavyodumu. Siku baba atakapochoka, tungerudi kwetu kulala kwenye baraza ya nani? Baba alikataa muda mrefu, akisema rafiki hauzwi. Mwisho alikubali. Idi ikiisha, gari litakwenda. Mama alilia kwa furaha, na baba alitoka kulifuta vumbi ambalo halikuwapo.

Kabla ya Idi akaja mgeni. Alikuwa mtoto wa kafili, mwanamume mzima sasa, kutoka Riyadh, ambaye zamani baba alikuwa akimpeleka shule kwa gari lile lile. Tulimwekea haluwa na kahawa. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia. Hakunywa. Aliomba kwanza alione gari, akaingia siti ya nyuma na magoti yake marefu, akafumba macho. Tulimtazama kupitia dirisha. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ami," alimwambia baba, "sijapata kupanda gari zuri kama hili maishani mwangu."

Kila mtu wa kwetu anajua kinachofuata. Mgeni akisifu kitu chako, humwambii asante. Unamwambia, chukua, lako. Naye anajua kukuambia, hapana, hapo lilipo ndipo pake, na mambo yanaishia hapo, kila mtu na heshima yake.

"Lako, mwanangu," alisema baba.

"Hapana, ami. Hapo lilipo ndipo pake."

Mama alipumua. Lakini baba alikuwa mtoto wa bibi, na bibi alitulea kwa neno moja: karibu ya kwanza ni ya mdomo, ya pili ni ya moyo. Nilimwona baba akimtazama yule mtu, na nadhani hakumwona mwanamume mwenye saa ya dhahabu, alimwona mtoto mwenye begi la shule.

"Lako," alisema tena.

Mgeni akanyoosha mkono, kiganja juu, na baba akaweka ufunguo.

Mngurumo ulitoka uchochoroni, ukapinda dukani kwa jirani, ukaisha. Baba alibaki amesimama. Mama alisogeza pazia.

"Umempa na jiko langu," alisema.

"Ningemwambiaje, mwenzangu? Nirudishe neno langu mbele ya mgeni?"

"Mara moja ingetosha."

Hindawiyah yetu sasa imebomolewa. Nilipopita juzi nilikuta uwanja wa kifusi, sikuweza hata kuonyesha mlango wetu ulikuwa wapi. Bibi amezikwa Jeddah, baba na mama wanaishi Unguja katika vyumba vya kupanga, na sijui Mmarekani yuko katika gereji ya nani, chini ya kitambaa gani laini. Watu wakinieleza magari yale yanauzwa kwa bei gani siku hizi, nasikia vyumba vikiongezeka, chumba juu ya chumba, na sina pa kuviweka. Bado sijui kama baba alikosea. Mwanzo wa mwaka nasema alikosea. Katikati yake nasema hapana, mtu kama baba hapatikani tena, na mji uliomfundisha haupo.

Jioni ile gari lilipoondoka, mama alivaa buibui, akaniachia sufuria ya wali motoni, akaenda kwa jirani wa ghorofa ya juu, ambaye siku zote alikuwa hapatani naye. Baba alimwita mara moja tu. Mlango ukafungwa nyuma yake, polepole, bila kishindo.