Barua Niliyomwandikia Mama Lusia

Naandika haya na uso bado unaniwaka. Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika shule moja ya msingi hapa Tottenham, Landani, na kazi yangu ni kukaa na watoto waliochelewa kusoma. Mmoja wao ni Lusia, mtoto wa miaka saba. Wazazi wake wametoka Kolombia, na nyumbani kwao ni Kihispania tu.

Muhula mzima nilimwekea kitabu cha picha chenye maneno manne kila ukurasa. Alikitazama, akanyamaza. Nami, mtaalamu wa kujiteua, nikakata shauri kwamba hajui hata herufi.

Ijumaa nikamwandikia mama yake barua ya kurasa mbili, kwa Kiingereza kizito cha kujionyesha. Nilimweleza kwamba binti yake hawezi kusoma chochote, na kwamba nyumbani hasaidiwi. Nikaifunga kwenye bahasha, nikampa Lusia aipeleke.

Jumatatu mama akaja naye, macho yamemvimba. Aliongea Kihispania, Lusia akawa anatafsiri kwa sauti ndogo.

"Mama anaomba msamaha. Anasema yeye Kiingereza hakijui."

"Sasa barua yangu alisomewa na nani?" nikauliza.

Lusia hakumgeukia mama yake.

"Na mimi, miss. Barua zote za nyumbani nasoma mimi. Yako niliisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mama alidhani nimekosea."