Bikira Maria Kafungiwa Nje kwa Josepha

Nimekasirika, na asiniambie mtu nipoe. Mwanaume mzima, mwalimu wa sekondari, anaondoka na ufunguo wa sebule ya mama yake ili Bikira Maria asiingie! Haya ni mambo gani?

Mama huyo ni Josepha, jirani yangu hapa Kasulu. Alizaliwa Gwarama, akaolewa huku, akafiwa na mumewe wakati mtoto wao wa pekee, Longinus, bado yuko mgongoni. Shemeji zake walitaka arudi kwao. Hakurudi. Aliuza mawese sokoni mpaka harufu ikahamia kwenye vitenge vyake vyote, na kwa mawese hayo Longinus akasoma hadi chuo cha ualimu. Ukimsifu anakujibu, "Sikuwa peke yangu, nilikuwa na Mama." Jioni alipepeta maharage huku midomo inacheza, Salamu Maria moja baada ya nyingine, na ukimsalimu ilibidi ungoje amalize ndipo aitikie. Sasa moyo umechoka, miguu imevimba, na kanisani hafiki tena. Padri humletea komunyo nyumbani.

Ndiyo maana mwaka mzima huisubiri Oktoba. Mwezi huo jumuiya yetu humtembeza Mama: sanamu ya Bikira Maria inalala kwa huyu, jioni ya pili tunaihamishia kwa yule kwa nyimbo, na katika kila nyumba tunasali rozari. Asiyeweza kulifuata kanisa, siku hiyo kanisa linamfuata yeye.

Longinus anafundisha Kibondo, na huko ameokoka. Sina neno na kuokoka kwake, mradi amwache mama yake asali. Hamwachi. Kila akija ni hayo hayo: Mama unaabudu sanamu, Mama unaongea na maiti, Yesu anatosha. Alipopata habari kwamba zamu ya Josepha imekaribia, alikuja, akafunga sebule kwa kufuli, akamwachia mlango wa uani tu wa kuingilia chumbani, akatia ufunguo mfukoni, akapanda gari akarudi Kibondo. "Nyumba hii nimeijenga mimi," alisema. Kaijenga yeye! Na yeye kajengwa na nani?

Tukaja tukiimba, Mzee Venanti, kiongozi wa jumuiya, mbele na sanamu ya Mama mikononi, tukakuta kufuli. Josepha alikuwa amesimama nje, ameshika ukuta, pumzi juu juu, anatuomba radhi. Yeye ndiye anatuomba radhi! Nilisema tuvunje. Venanti akanishika mkono.

"Jikoni ni kwangu," Josepha akasema. "Kuta zake nilizikandika mwenyewe. Mleteni huku. Aliyejifungulia zizini hatachukia moshi."

Tukasali tumebanana kati ya masufuria na kuni, macho yanatutoka machozi, na si yote yalikuwa ya moshi. Mimi nilikuwa nasali na kutukana moyoni kwa wakati mmoja. Mungu anisamehe.

Kesho yake mchana, kabla hatujaja kuihamisha sanamu, Longinus akatokea. Mkewe Careen, mjamzito, alikuwa amepandwa na presha, amekimbizwa kutoka Kibondo hadi hospitali ya hapa Kasulu, na daktari amesema huenda wakamtoa mtoto kabla ya wakati. Nilikuwa jikoni namkorogea Josepha uji, naye ameketi karibu na mafiga, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Alipiga magoti mlangoni, hata sanamu hakuiona. "Mama, niombee. Muombee Careen. Wewe ukiomba Mungu anasikia."

Mwiko ulinitoka mkononi. "We Longinus! Si ulisema Yesu anatosha? Mama yako wa nini hapa katikati? Si uende mwenyewe!"

"Mama mdogo, mama yangu yuko hai," akanijibu. "Aliye hai naweza kumwomba aniombee. Aliyekufa hasikii."

Nilikuwa na la kumwambia, tena mengi. Huyu huyu, alipomtaka Careen, hakwenda kwa wakwe mwenyewe, alimtuma mshenga, na hatukusikia mtu akisema mshenga ndiye kaoa. Na pale Kana, divai ilipokwisha, nani alikwenda kumnong'oneza Yesu kabla ya aibu kuwafika wenye arusi? Tunamwambia Maria atuombee, basi. Hatujawahi kumwambia yeye ni Mungu. Lakini Josepha aliinua mkono, nikafunga mdomo.

"Nitamwombea," alimwambia mwanawe. "Nimeanza tangu ulipopiga magoti. Ila nijibu kitu. Daktari alikuambia habari za moyo wangu, mnanificha bure, mimi najua." Pumzi ikamwishia. Tukangoja irudi. "Siku nikifika kwa Mungu, nikamwona uso kwa uso, nikome kukuombea?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema. Huku nina dhambi, nina usingizi, nina miguu inauma, na unaziamini sala zangu. Huko nitakuwa mzima, niko mbele yake, ndipo niwe bubu? Mungu unayemhubiri ndivyo anavyowafanya akina mama, anawaziba midomo?"

Akashika kifua, akavuta pumzi.

"Na kama mimi muuza mawese sitanyamaza juu yako," Josepha akasema, "aliyemzaa Mwokozi, akasimama chini ya msalaba, yeye ndiye kanyamaza?"

Nilingoja aya. Huwa ana aya ya kila kitu, na simu yake imejaa mahubiri. Hakutoa hata moja. Alitambaa kwa magoti mpaka kwenye majivu, na suruali yake ya kufundishia, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake.

"Usikome, Mama," alisema. "Hata huko, usikome."