Mabega Kwanza au Nyonga: Kazi Yangu ya Kufundisha Gofu Usambara

Siku ya kwanza kazini nilifika na furushi la kabichi kichwani. Sikuwa na hakika kama kazi yenyewe ipo, na kushuka kutoka Gare hadi Lushoto bila cha kuuza ingekuwa safari ya bure. Wakinikataa, nilijiambia, nitapitiliza sokoni.

Kiwanja cha gofu kilikuwa kidogo, kimebanwa kati ya kilima na barabara. Kapteni, yaani kiongozi wa wachezaji, alikuwa mzee mfupi mwenye sweta la mikono mirefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuuza au kubeba?"

"Kubeba, mzee."

"Usitue kwanza. Geuka uitazame ile miti."

Niligeuka. Akamwita mkuu wa makedi, ambao ni wale wanaobeba mkoba wa fimbo za mchezaji na kumshauri njiani. "Umeona? Kichwa hakikutikisika hata kidogo. Kuna watu wanamlipa mwalimu wa Tanga wafundishwe hivyo."

Mkuu wa makedi akanikagua kama anayenunua mbuzi. "Kichwa sawa, mzee. Lakini amegeuka na nyayo zake. Ameondoka mzima mzima kama mlango."

Wakaanza kubishana, mmoja akisema nimegeuka vizuri, mwingine akisema vibaya. Mimi nilisimama na kabichi zangu nisijue kama nimeajiriwa. Nawaeleza haya ninyi vijana mnaoanza kufundisha mchezo huu, kwa sababu ubishi ule niliusikia kwa namna mbalimbali hadi nilipostaafu, na sijausikia ukiisha.

Niliajiriwa. Kazi ya kedi naijua vizuri na haikunipa shida. Unabeba mkoba, unasafisha fimbo, unafuata mpira kwa macho hata ukiingia ukungu. Kilichonishinda ni mafunzo ya Jumatatu, siku ambayo wachezaji hawakuja na Mwalimu kutoka Tanga alitufundisha makedi kupiga. Mwalimu alikuwa mrefu, mpole, na alipenda kusema jambo mara moja tu.

"Nguvu haitoki mikononi," alituambia. "Inatoka kwenye mwili unaozunguka. Zungusha mwili."

Nikauzungusha. Mwili wote, kuanzia visigino hadi kisogo, kama nilivyozoea kugeuka njiani ninapoitwa nikiwa na mzigo. Sisi tuliokua tukipanda na kushuka na mizigo kichwani tunageuka kwa kipande kimoja. Ukigeuza mabega na kuacha miguu, shingo inapinda na mzigo unakwenda bondeni. Hakuna aliyenifundisha hivyo, ni hofu ya kupoteza kuni ndiyo iliyonifundisha.

Makedi wakaangua kicheko. "Dada Naomi, kuna anayekudai huko nyuma?"

"Nyonga zibaki, mabega yaende," Mwalimu akasema. "Unapoinua fimbo, mabega yanageuka sana, nyonga zinageuka kidogo."

Nikazuia nyonga. Jumatatu iliyofuata Kapteni alipita akanikuta nimejikaza kama nguzo. "Binti, mbona umefunga nyonga? Ziachie!" Nikaziachia. Mwalimu akarudi. "Nani amekwambia uziachie?" Halafu akaongeza jambo jipya: wakati wa kushusha fimbo, nyonga ndizo zitangulie, mabega yafuate. Kwa hiyo kwenda, mabega kwanza. Kurudi, nyonga kwanza. Nililala nikiligeuza jambo hilo kitandani, na asubuhi nikaamka na maumivu ya mgongo tu.

Lazima nieleze kwa nini sikuacha. Baba yetu alitangulia, mama akamfuata nikiwa darasa la sita, na masika ya mwaka ule yakaibomoa nyumba yetu ya udongo iliyokuwa ukingoni mwa mteremko. Baada ya matanga, Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba, alikaa na ukoo wakatugawa, mimi na wadogo zangu watatu. Titus alipelekwa Mombo kwa ndugu mwenye banda la chakula kando ya barabara kuu. Elizabeti akaenda kwa shangazi. Yona mdogo akabaki kwa Baba Mkubwa. Mimi nikaambiwa niache shule nijitegemee, maana nilikuwa mkubwa.

"Siwachukii wanangu," Baba Mkubwa aliniambia. "Lakini watoto hawakai hewani. Siku ukiwa na nyumba ya kuwaweka, njoo uwachukue, sitakuuliza neno."

Kedi hakupewa nyumba. Nililala chumba cha makedi wanawake nyuma ya stoo, na kila nilipokwenda Mombo kumwona Titus nilimkuta anazidi kuongea kama watoto wa barabarani, anapayuka bei za mayai kwa abiria wa mabasi. Safari moja aliniamkia "Shikamoo, mama," kisha akaona aibu. Alikuwa amesahau jinsi ya kuniita.

Ndipo ikaja habari ya upande wa Kwamkoro. Shamba moja la chai kule lilikuwa na kiwanja kidogo cha wafanyakazi wake, na Meneja alitafuta Mwalimu Msaidizi. Mwalimu wa Tanga ndiye aliyenitaja, kwa kuwa sikukosa Jumatatu hata moja. Cheo hicho kilikuwa na nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje.

Niliteremka hadi Mombo, nikazunguka kupitia Muheza, nikapanda tena upande wa Amani. Milima ni hiyohiyo Usambara, lakini kule mvua na msitu vilinichanganya. Sikuweza hata kujua jua linatokea wapi. Meneja alinipokea kiwanjani akiwa na buti za mpira.

"Nyumba unaitaka?"

"Naitaka, mheshimiwa. Nina wadogo zangu."

"Basi sikiliza. Mhasibu wangu anapiga mpira kila siku unakwenda kulia, unaingia kwenye chai. Wachumaji wanaokota mipira kwenye vikapu vyao. Juzi mmoja umefika hadi kiwandani pamoja na majani. Mimi nauza chai, siuzi mipira. Yakifika mashindano yetu ya kufunga msimu na mipira yake imeacha kuingia kwenye chai yangu, nyumba ni yako. Ikiendelea kuingia, utarudi Lushoto."

Bwana Mhasibu alikuwa mtu mnene, mcheshi, wa kutoka Tanga mjini. Alishika fimbo kama mwiko wa kusongea ugali wa msibani.

"Mwalimu," aliniita, na mimi nikageuka kutazama ni mwalimu gani anaitwa. "Nifanye nini?"

Nikamwambia yote niliyoyajua. Mabega yaende, nyonga zibaki, kisha nyonga zitangulie, mabega yafuate, kichwa kitulie, uzito uanzie mguu wa kulia uhamie wa kushoto. Alinisikiliza kwa adabu. Akainua fimbo, akasimama nayo hewani.

"Sasa niko wapi?" akauliza.

"Uko juu."

"Juu nimefika. Nani anaanza kushuka?"

"Nyonga."

"Zimekataa."

Akapiga. Mpira ukaingia kwenye chai. Wachumaji walikuwa safu ya karibu, na mama mmoja akapaza sauti: "Bwana Mhasibu, karibu tena! Kikapu bado hakijajaa!"

Kila nilipomrekebisha alizidi kuharibika. Nikisema nyonga, anasukuma tumbo mbele. Nikisema mabega, anainua kidevu na kichwa kinayumba. Usiku nilikuwa namwona Titus akipayuka bei za mayai. Mashindano yalikaribia na sikuwa na neno jipya la kumwambia Bwana Mhasibu. Nikaamua nianze na kitu kimoja tu, kile nilichowahi kusifiwa: kichwa. Nikaazima kata, ule mduara wa kitambaa tunaouweka chini ya mzigo, nikamwekea kichwani, na juu yake kopo tupu la majani ya chai.

"Lisianguke," nikamwambia.

"Mwalimu, mke wangu akipita hapa?"

"Ataona umetulia."

Akainua fimbo taratibu, kopo likatulia. Lakini nilipomtazama miguuni nilishtuka. Aligeuka mzima mzima, nyayo, nyonga, mabega, kipande kimoja kama mlango. Nilikuwa nimempa kosa langu mwenyewe, lile ambalo Mwalimu alihangaika nalo Jumatatu zote. Akageuka kurudi vilevile, akapiga. Mpira ukatoka kinyonge, haukufika hata nusu ya umbali wake wa kawaida. Ila ulikwenda umenyooka.

Tukatazamana.

"Huo umekwenda wapi?" akauliza.

"Mbele."

"Mbele kabisa?"

Nikataka kumzuia, kwa sababu nilijua si sahihi. Sikumzuia, kwa sababu mpira haukuingia kwenye chai. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa kazi yangu.

Siku ya mashindano Mwalimu wa Tanga alikuja kama mgeni. Bwana Mhasibu alipiga bila kopo lakini kana kwamba bado analo, vipigo vifupi vilivyonyooka, na alitumia vipigo vingi kuliko watu wote kufika kila shimo. Alishika mkia. Hakuna mpira wake hata mmoja ulioingia kwenye chai. Wachumaji walimpigia vigelegele kuliko mshindi.

Meneja akamgeukia Mwalimu. "Unasemaje juu ya msaidizi huyu?"

Mwalimu alinitazama. "Amemfundisha vibaya kabisa," akasema. Nikaanza kuhesabu nauli ya kurudi Lushoto. "Na nakuomba usimruhusu mtu mwingine amrekebishe."

Meneja akatoa funguo mfukoni. Nilizipokea kwa mikono miwili nisijue kama nimefaulu au nimesamehewa.

Baba Mkubwa alitimiza ahadi, hakuuliza neno. Nilimchukua Yona Gare, Elizabeti kwa shangazi, na Titus nikamwita kutoka dirishani mwa basi, akaacha trei ya mayai mikononi mwa mwenzake akapanda. Jioni ya kwanza katika nyumba ile tulikula bada, ugali wa muhogo, kwa maharage, na hakuna aliyejua alale chumba gani, tukalala wote kimoja.

Baada ya hapo nilifundisha kwa miaka mingi, Kwamkoro kwanza, kisha nikarudishwa Lushoto kuwa Mwalimu kamili, nako nikapewa nyumba ya klabu. Niliboreka kidogo. Kuhusu kuzungusha mabega, niliwaelewa zaidi wachumaji wa chai kuliko wakubwa wangu. Mchumaji anasimama katikati ya michai, miguu imebanwa, nyonga hazina pa kwenda, na anageuza mabega kutupa majani kwenye kikapu kilicho mgongoni. Huko ndiko kuinua fimbo. Kushusha, niliwaambia wanafunzi wafikirie mtu anayemwaga beseni la maji mbali na mlango: mguu wa mbele unakanyaga, nyonga inafunguka, maji yanafuata mwishoni. Wengi walielewa. Wengine walielewa kabisa kisha wakapiga vibaya kuliko mwanzo. Nilimfundisha hivyo hata Bwana Mhasibu, alipokuja kututembelea amestaafu. Aligeuka vizuri ajabu. Mpira ukaenda kulia, ukapotea.

Mkiniuliza, basi, kipi kinatangulia, nitawajibu kama nilivyofundishwa: kwenda mabega, kurudi nyonga. Ni sahihi. Siku hizi mnarekodi kwa simu, mnapunguza mwendo, na kila kitu kinaonekana. Nilipoonyeshwa swingi yangu, yaani mwendo mzima wa kupiga, nyonga zilitangulia kama inavyotakiwa. Lakini sikuhisi hivyo hata kidogo. Mwilini mwangu mimi bado nageuka kipande kimoja. Sijui nani anasema kweli, simu au mgongo wangu. Nawashauri tu msimpe mwanafunzi maneno mengi kwa siku moja.

Mwaka huu nilistaafu, na nyumba ya klabu ilipaswa kurudishwa. Wadogo zangu walikuja kunisaidia kufungasha. Titus sasa ana duka lake Mombo, Elizabeti ni mwalimu wa shule ya msingi Lushoto, Yona amejenga Gare karibu na kanisa. Nilidhani wamekuja kubeba makabati. Nikiwa jikoni nawachemshia chai, nikasikia sauti zinapanda sebuleni.

"Dada anakuja kwangu, nimeshapaka chumba rangi," Titus alikuwa anasema.

"Mombo na joto lile? Unataka kumuua?" Elizabeti akamjibu. "Atakaa na mimi."

"Gare ndiko kwetu," Yona akasema. "Nyie mnamtaka awalelee wajukuu."

Nilisimama mlangoni na birika. Walikuwa wamekaa kama wazee wa ukoo walivyokaa baada ya matanga ya mama, wananigawa. Nilitaka kukasirika. Badala yake nikajikuta nasubiri nisikie nani atashinda.

Hakushinda mtu. Sasa nazunguka kwao kwa zamu, na kila nyumba ina kitanda changu. Ninapoulizwa njiani ninaishi wapi, nahesabu kwanza ni zamu ya nani kabla ya kujibu, na watu wanadhani uzee umenichanganya.